Historia ya Ukambani isomwe kwenye nyaraka zenyewe

MWANAFUNZI wa Wote au Mwingi mwenye simu na intaneti anaweza kutazama picha ambazo Dorothea Lange aliwapiga wakulima wa Marekani waliofukuzwa na ukame na dhoruba za vumbi miaka ya 1930. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo imeziweka wazi kwa ulimwengu mzima. Akitaka kusoma ripoti za wakuu wa wilaya ya Kitui za miaka iyo hiyo, hushauriwa apande basi hadi Nairobi, katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka. Nakala nyingine za filamu ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, huko huko Marekani!

Visa hivyo viwili vina uhusiano. Hofu ya mmomonyoko wa udongo iliyozuka Marekani iliwaingia pia watawala wa Kenya. Mwaka 1937 Colin Maher aliandika ripoti kuhusu udongo wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Mwaka uliofuata serikali ikatwaa ng'ombe na kuwauza kwa lazima, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikifunguliwa Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Yeye alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji huo wa lazima hatimaye uliachwa.

Darasani, mkasa huu hugeuzwa orodha ya sababu na matokeo ya kukaririwa. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi achunguze, lakini achunguze nini bila nyaraka? Mpe ripoti ya Maher pamoja na picha za vilima zilizopigwa mwaka 1937, kisha zile ambazo watafiti walizipiga upya papo hapo zaidi ya miaka 50 baadaye. Watu wa wilaya hiyo walikuwa takriban 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikaribia milioni 1.4. Hata hivyo, vilima vilivyokuwa vipara vilikuwa na matuta na miti. Je, Maher alikosea, au onyo lake lilisaidia? Swali hilo halina jibu la alama mbili.

Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kugharimia nakala za ripoti chache tu kwa kila shule ya upili. Jambo lisilonunulika ni ushahidi wa wazee: aliyekuwa na miaka 10 Mbingu alipofika Kariokor sasa anakaribia miaka 100.