Si kila apu ni mapinduzi, wasee

Siku hizi Nairobi kila mwenye apu anadai "anavuruga soko". Ya kufua nguo, anavuruga. Ya kuagiza chapati, anavuruga. Muulize anavuruga nini hasa, atakuonyesha nembo.

Neno lenyewe lina mwenyewe. Clayton Christensen, profesa wa biashara pale Harvard aliyefariki 2020, alilieneza kwa kitabu chake cha 1997, The Innovator's Dilemma. Hoja yake: mvurugaji wa kweli huanza na kitu hafifu lakini cha bei nafuu, kwa watu ambao wakubwa hawana haja nao. Wakubwa wanacheka na kukimbilia wateja wenye pesa ndefu. Yeye anaboresha pole pole. Wakija kushtuka, ameshaingia sebuleni.

Chukua chuma kule Marekani. Viwanda vidogo vya kuyeyusha vyuma kuukuu vilianza na nondo. Vile vikubwa viliwaachia bila kinyongo kwa sababu faida ya nondo ilikuwa kiduchu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, wadogo walikuwa wakitengeneza hata mabamba.

Hapa kwetu, M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Haikuwa na mkopo wala riba. Ilituma pesa tu, hata kwa mulika mwizi. Mama kijijini aliyezoea kuletewa pesa kwa bahasha na dereva wa basi hakuilinganisha na benki, aliilinganisha na bahasha. Mwaka wa 2012 ikaja M-Shwari, ukaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu. Lakini benki hazikufa. M-Shwari yenyewe ilikuja kwa ushirikiano na benki.

Uber nayo, iliyoingia Nairobi 2015? Mwaka huo huo Christensen na wenzake waliandika kwamba haifai kuitwa mvurugaji, maana ilianza na watu waliokuwa tayari wanapanda teksi.

Sasa tuje kwa masomo, ambapo inaniuma. Christensen alitabiri kwamba masomo ya mtandaoni yangefilisi hadi nusu ya vyuo vya Marekani. Haijatokea, na nadhani najua sababu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenilemea. Kuhariri video nilijifunza YouTube kwa bando za usiku. Juzi nikaomba kazi mahali, nikapewa jaribio, bosi akapenda. Halafu: "Diploma iko wapi?" Stori ikaishia hapo.

Nondo ikipinda, fundi anaona. Pesa isipofika, mama anajua. Mnunuzi anajipimia mwenyewe. Lakini chuoni anayelipa karo ni mmoja, anayeamua kama umeiva ni mwingine, na huyo anaangalia karatasi. YouTube imepunguza bei ya somo. Bei ya kuaminiwa bado iko pale pale.

Ndiyo maana naona mvurugaji wa masomo anaweza kutoka mahali kama mtihani wa ufundi wa NITA, ambapo fundi wa jua kali anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Unaonekana mdogo, na mabosi wengi hawaujali. Hata nondo ilidharauliwa hivyo.

Kwa hivyo mtu akikuambia anavuruga soko, muulize maswali mawili tu. Nani alikuwa ameachwa nje? Na nani atakubali kwamba kazi imefanyika?