Kiambato Kisicho na Kazi?

Katika karatasi ndogo zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa, ambazo hapa nchini aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, vitu vinavyotiwa katika kidonge pamoja na dawa yenyewe hupewa jina lenye maana ya "visivyotenda". Wanafunzi wangu wa tafsiri hulipokea bila kulihoji, wakaandika: viambato visivyo na kazi. Jina hilo lapotosha, na wataalamu wa dawa wenyewe hulikanusha kwa vitendo.

Chukua aspirini. Ili kidonge kisigande kwenye mashine, pengine hutiwa unga laini uitwao stearati ya magnesiamu. Unga huo, unaodaiwa kutotenda, huharakisha kuvunjika kwa aspirini, na mojawapo ya mazao ya kuvunjika huko ni asidi iliyomo katika siki. Ndiyo sababu kopo la aspirini iliyochakaa hunuka siki likifunguliwa. Hapa Milimani, Kisumu, ambapo adhuhuri ya Februari joto huweza kufika nyuzi 30 na Ziwa likaongeza unyevu wake, jambo hilo si la vitabuni tu.

Ugomvi huu hutafutwa kwa joto. Mtaalamu hutia miligramu chache za dawa katika kisahani cha alumini, huweka kisahani kitupu kando yake, kisha hupandisha joto taratibu, tuseme nyuzi 10 kwa dakika, huku mashine ikichora tofauti ya joto linalofyonzwa. Aspirini safi huyeyuka karibu na nyuzi 135, na hapo mchoro hupinda ghafla. Hurudia kwa kiambato peke yake, halafu kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Pindo likihama, likitoweka, au likizuka jingine, hushuku. Hushuku tu, maana huenda kimoja kimeyeyukia ndani ya kingine bila madhara. Hivyo hutafuta ushahidi kwa njia nyingine. Hata hivyo, kazi ya saa chache huweza kumwepusha na miezi ya kungoja vidonge viharibike rafuni.

Mwaka 1968 nchini Australia, kijazio cha kapsuli za fenitoini, dawa ya kifafa, kilibadilishwa kutoka salfeti ya kalisi hadi laktosi. Dawa ilikuwa ileile, kipimo kilekile. Wagonjwa wakadhurika kwa kuwa sasa ilifyonzwa mwilini kwa wingi zaidi. (Kisahani cha alumini kisingalilibaini hilo, lakini kiambato kilitenda.)

Sisi walimu wa sarufi tunao msamiati tayari. Katika "alikuwa anasoma", hakuna aitaye "alikuwa" kitenzi kisicho na kazi eti kwa sababu hakibebi maana ya kusoma. Twakiita kitenzi kisaidizi, na mwanafunzi wa sekondari ajua kwamba ukikiondoa, habari hubadilika. Mbona basi tusiseme viambato visaidizi? Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi nchini Kenya. Karatasi ile ikitafsiriwa kama wanafunzi wangu waifanyavyo, mgonjwa asiyepatana na sukari ya maziwa atalikuta jina la laktosi chini ya kichwa kinachomwambia kwamba hapo hapana kinachotenda.