CHUKUENI WIMBO, LAKINI TAJENI MWENYEWE

Wahenga walinena, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii yafaa ibandikwe katika kila studio ya muziki, na za hapa kwetu Kisii na Nyamira zisisahauliwe.

Siku hizi vijana tunapenda rimiksi, yaani wimbo wa zamani kupikwa upya kwa ngoma za kompyuta. Wazee wengi wanalalamika eti huko ni kuharibu muziki. Mimi sikubaliani nao. Hata katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, wanafunzi huchukua nyimbo za kiasili na kuzipanga upya. Hiyo si rimiksi ni nini?

Tazama bendi ya Linkin Park ya Marekani, inayochanganya roki na mitambo. Mwaka wa 2002 ilitoa albamu iitwayo Reanimation. Humo, nyimbo zao za mwaka wa 2000 zilifanywa upya na mafundi wengine, na mafundi hao wakatajwa. Hapa Kenya, kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa wimbo Iwinyo Piny mwaka wa 2008, mitambo na Kidholuo vikaelewana vizuri. Basi obokano yetu yenye nyuzi nane itashindwa na nini?

Kinachoniudhi ni jina la mwenye wimbo kutupwa. Babu yangu alirekodiwa kwa simu akipiga obokano harusini. Baada ya miezi kadhaa nilimsikia ndani ya matatu ya kwenda Nyamira, amewekewa ngoma za kompyuta. Kondakta akaniambia huo ni wimbo wa kijana fulani. Babu hakuulizwa, wala hakupewa hata ya chai!

Kuna wale watasema nyimbo za kiasili ni za kila mtu. Haya, na vidole vilivyozipiga ni vya nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda mpigaji, na ile ya 2016 inalinda maarifa na sanaa za jamii. Kwa hivyo mzee akidai chake, haombi msaada.

Enyi ndugu zangu wa studio, chukueni obokano, tieni ngoma, nasi tutacheza. Lakini kwanza nendeni kwa mzee, mketi naye, mkubaliane malipo, halafu jina lake liandikwe mbele ya lenu.