Msaada Usiwe Fedheha

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nami leo, wasomaji wapenzi, nauliza: na anayepokea je, hana moyo? Mbona hapa shuleni anayepata basari lazima jina lake lisomwe gwarideni mbele ya umati? Jioni hiyo hiyo, bwenini, keshaitwa "mtoto wa basari". Mwenzetu mmoja alikataa katakata kujaza fomu kwa kuogopa lakabu hiyo. Alitumwa nyumbani kutafuta karo, na mpaka sasa hajarudi.

Wapo wanaosema majina yasomwe ili pesa zisiende kwa wasiostahili. Jamani, hoja hii ni kongwe! Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1601 iliamuru kila parokia iwatoze wenyeji kodi ya kuwasaidia maskini. Jambo jema, sivyo? Lakini mwaka 1697 ikaja sheria nyingine: apokeaye msaada ashonewe begani, upande wa kulia, herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu. Eti wavivu wasile pesa za wanyonge! Aliyekataa aliweza kunyimwa msaada au kuchapwa viboko. Alama hiyo ilifutwa mwaka 1810.

Sheria ya mwaka 1834 nayo ikataka wenye nguvu wasaidiwe ndani ya nyumba za kazi tu, zilizofanywa ngumu makusudi ili ziogopwe. Humo mume alitengwa na mkewe, watoto na wazazi wao. Je, umaskini ulikwisha? La hasha!

Hatimaye, mwaka 1908, Bunge lao lilipitisha malipo ya uzeeni. Kuanzia Januari 1909, wazee maskini waliotimu miaka 70 walipokea hadi shilingi 5 kwa wiki, wakizichukua posta kama mtu achukuavyo barua yake. Maombi yalichunguzwa na maafisa, naam, lakini hakuna aliyeshonewa herufi.

Basi kumbe uchunguzi si lazima uandamane na aibu! Ombi langu kwa walimu wetu: kamati ya basari ichunguze fomu vilivyo, kisha ubaoni ibandikwe jumla ya pesa na idadi ya waliosaidiwa. Majina yabaki ofisini. Nasi wanafunzi tukome kupeana lakabu. Mkono mmoja haulei mwana, ni kweli, lakini mikono inayomlea isimvue nguo hadharani.