Ninunulie kahawa, fegi baki nayo

Wasee, hapa Eastlands ukitaka kujua nani anakujali, watu wanakwambia angalia nani anakununulia fegi asubuhi. Mimi nasema hiyo kitu imetuharibu, na leo nataka tuiongelee. Najua kuna mtu tayari anaandika "umeanza mahubiri" kwa comments. Tulia kwanza, soma hadi mwisho ndio unitusi.

Kuna masaa mtaani yenye watu wa ofisi hawayajui, kutoka saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi. Makanga wanaosha matatu. Wamama wanarudi Marikiti na magunia ya sukuma. Wauza mitumba wanakimbilia Gikomba kabla nguo poa ziishe. Soja wa usiku anatoka kazi, na vijana wa mjengo wanangoja kusikia ni site gani inachukua watu. Wengi wao wanapitia mahali pamoja, kwa muuza kahawa. Majengo na Eastleigh utapata birika lina makaa chini, kahawa tungu ya tangawizi kwa vikombe vidogo, na mahamri kando. Ukienda Kayole ama Dandora, mara nyingi ni kibandaski cha chai ya maziwa na mandazi. Na hatua mbili kutoka hapo kuna mtu ako na pakiti imefunguliwa, anauza moja moja.

Sasa hapo ndio maneno iko. Ile kahawa na lile benchi ni kitu cha maana sana. Hapo ndio unasikia kuna kibarua Industrial Area, nani amefiwa mnachangia, nyumba gani iko wazi na agent hayuko. Mimi niliacha chuo, na nawaambia ukweli, kazi nyingi nimepata zilitoka kwa benchi kama hilo, hakuna hata moja ilitoka kwa CV. Shida ni kwamba fegi imejibandika hapo kama kupe kwa ng'ombe. Kijana wa miaka 18 akikuja base mara ya kwanza, salamu anayopewa ni kiberiti. Akikataa anaonekana anajiskia. Kwa hivyo anavuta. Havuti juu anapenda, anavuta ndio asikize stori za kazi na wenzake. Hiyo ni bei ghali sana ya kuingia kwa group.

Kuna wale wataniambia, "Lakini guka alivuta kiko maisha yake yote na akafika miaka tisini." Sawa, namheshimu guka. Lakini wale hawakufika tisini hawako hapa kutupea ushuhuda. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha. Na moshi wa kiko pia unaleta kansa ya mdomo na ya koo, hata kama mzee anakaa na heshima akiwa nacho.

Wengine wanasema ile ya asubuhi ndio tamu kuliko zote. Ni kweli, na iko na sababu. Nikotini kwa damu inapungua nusu kila baada ya kama masaa mawili, kwa hivyo ukilala usiku mzima unaamka mwili unadai. Ule utamu unaosikia ni deni umelipa. Ndio maana wanaopima uraibu wanauliza ukiamka unachukua dakika ngapi kabla uvute ya kwanza. Ukijibu chini ya dakika 5, umeshikwa vibaya. Tena nikotini inaua njaa, ndio utapata msee amebeba mawe mjengoni hadi saa saba na tumboni kuna kahawa na moshi tu.

Halafu sheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inasema sigara isiuzwe kwa pakiti ya chini ya 10. Hii ya moja moja tunayonunua kila kona haifai kuwa inauzwa. Na ukinunua moja, zile picha za kutisha ziko kwa pakiti huzioni, unashika tu ile stick yako na kwenda. Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku matangazo ya sigara. Lakini kampuni itahitaji tangazo la nini kama marafiki zako ndio wanakuletea hadi kwa mkono, tena wamelipa wao?

Piga hesabu pia. Tufanye fegi ni 15 bob na unavuta tatu kwa siku. Hiyo ni 45. Kwa mwezi 1,350. Kwa mwaka zaidi ya 16,000. Ukiuziwa pakiti nzima kila wiki ungeshtuka na hiyo doo, lakini ikitoka kwa sarafu hausikii. Na hapo sijahesabu zile unanunulia watu.

Mimi sitaki base zivunjwe, na sitaki askari wa kanjo waje kuhangaisha mama wa kibanda wakisema wanatekeleza sheria, tunajua hiyo itaishia wapi. Nataka kitu kidogo tunaweza kufanya wenyewe. Tubadilishe kile tunanunuliana. Ukitaka kuonyesha msee upendo asubuhi, mlipie kahawa. Mlipie mandazi mbili. Kama wewe ndio unajua site ina kazi, usiwaambie tu wale mnashare moto nao. Na kijana mpya akikuja, mpe kikombe kwanza.

Na kama unajaribu kuacha, kuna kitu wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara unafanya mwili uchome kafeini haraka. Ukiacha kuvuta lakini ukaendelea na vikombe vile vile vya kahawa, kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Unaanza kutetemeka, moyo unakimbia, usingizi unakataa, halafu unasema "mwili wangu unahitaji fegi." Pengine ni kahawa tu imezidi. Punguza vikombe hizo wiki za kwanza, ujipe nafasi.

Kwa hivyo kesho asubuhi ukiwa na twenty bob ya rafiki, unajua pa kuipeleka. Nani kwa base yenu anaweza anzisha hii? Mtag hapa chini, na ukimpata kwa benchi mlipie kikombe.