Tukusanye Ng'ombe Arobaini

Ndugu zangu wafugaji wa Machame, Kibosho, Uru na Marangu, nanyi wa Kahe na Mabogini kule tambarare, nawaandikia kuhusu ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe.

Wengi wetu huku mlimani Kilimanjaro tunajiona salama. Ng'ombe anakula na kulala bandani, kati ya migomba, hakutani na makundi ya mbugani. Lakini majani anayokula yanatoka wapi? Kiangazi tunashuka tambarare kukata nyasi, tunapakia gari hadi vihambani, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kupe anapanda nazo. Desemba ikikaribia tunakwenda mnada wa Weruweru kununua dume wa kunenepesha kwa ajili ya sikukuu, kisha tunamfunga kando ya mtamba wetu siku ileile. Hatuulizi aliogeshwa lini.

Mwenezaji wa ndigana kali ni kupe wa kahawia anayependa masikio. Akishang'ata, vimelea huhitaji siku kadhaa kukomaa kwenye tezi zake za mate kabla ya kumwingia ng'ombe, kwa hiyo kukagua masikio kila siku na kumng'oa kupe mapema ni kinga ya kweli. Tukizembea, baada ya wiki moja hadi tatu tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, mnyama anahema kwa shida, na mwishowe povu linatoka puani. Dawa ya kutibu ipo, ila ni ghali, na ikichelewa haifui dafu.

Chanjo nayo ipo, na imetokana na utafiti uliofanyika Muguga, kwa jirani zetu Kenya. Ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na antibayotiki ya kuvidhibiti, na kinga anayoipata hudumu miaka mingi. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini wameitumia kwa muda mrefu. Kwa nini basi haijaenea vihambani? Kwa sababu huhifadhiwa katika naitrojeni ya kimiminika, ndani ya mirija midogo, na mrija mmoja hutosha ng'ombe wapatao 40. Ukishayeyushwa unatakiwa utumike ndani ya saa chache. Mwenye kundi kubwa haoni tabu. Mwenye ng'ombe wawili, kama walivyo wengi wetu, hawezi kulipia dozi ambazo 38 kati yake zitamwagwa.

Wazee wetu walikuwa na vishamba vidogo vilevile. Mwaka 1925 waliunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, maana mwenye gunia moja hakuweza kupanga bei peke yake. Mifereji inayoshusha maji mpaka leo ilichimbwa na kuzibuliwa na ukoo mzima. Utaratibu tunao. Tuuhamishie kwenye mifugo.

Kila kitongoji kiandike orodha ya ng'ombe na ndama wasiochanjwa. Vyama vya msingi vya kahawa na vikundi vya VICOBA vya kuweka na kukopa vikusanye fedha kidogo kidogo. Tangazo litolewe kanisani na msikitini, siku ipangwe, na bwana mifugo aje mara moja kwa wote.

Wala chanjo isitufanye tuache kuogesha. Haizuii magonjwa mengine ya kupe: ndigana baridi, kukojoa damu wala ugonjwa wa moyo kujaa maji. Dawa ya josho au ya bomba ichanganywe kwa kipimo cha kwenye chupa. Anayeizimua ili ifike mbali anatuzalishia kupe sugu, na hao hawatabaki kwake. Ndigana baridi huhama pia kwa damu, kwa sindano au kifaa cha kukatia pembe kinachotoka kwa ng'ombe mmoja kwenda kwa mwingine bila kuchemshwa. Mtaalamu akija bandani kwako, mdai sindano mpya kwa kila mnyama, hata kama itakubidi uinunue mwenyewe. Na dume wa mnadani aogeshwe kabla hajaingia, kisha atengwe.

Masika huanza Machi, na mvua ndiyo msimu wa kupe wakubwa. Anzeni na majirani kumi. Hesabuni ng'ombe wenu wiki hii, na wakifika arobaini mwiteni bwana mifugo.