Wakati Hupimwa kwa Rula

Wako walimu wanaosema kwamba fizikia ya kisasa haifundishiki pasipo mitambo ya thamani. Kwa maoni yangu, hoja hiyo huchanganya chombo na wazo.

Tutazame jinsi yanavyopimwa mabadiliko ya haraka katika maada. Femtosekunde 1 ni sekunde iliyogawanywa katika sehemu milioni mara bilioni. Hakuna saa ya elektroniki iwezayo kuzihesabu. Kwa hiyo mpigo wa nuru ya leza hugawanywa sehemu mbili. Ya kwanza huisisimua maada. Ya pili, iliyo hafifu, hufuata na kuonyesha nuru kiasi gani inapenya. Ili kuichelewesha hiyo ya pili, kioo husogezwa nyuma: kikisogea milimita 0.015, nuru huzidishiwa safari ya milimita 0.03, kwenda na kurudi, ikachelewa femtosekunde 100.

Wazo hili ni kongwe kuliko leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Mwaka 1899, nchini Ufaransa, Abraham na Lemoine walitumia nuru ya cheche ya umeme na vioo kwa njia iyo hiyo. Mwaka 1999 Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kuchunguza mimenyuko ya kikemia kwa mapigo ya femtosekunde.

Basi mwalimu na aandike ubaoni: wakati ni umbali uliogawanywa kwa kasi. Shule yaweza kukosa leza. Haina udhuru wa kukosa hesabu hiyo.